Kamba ya Mafundo Kumi na Matatu: Jometri ya Darasani na ya Shambani



Kila muhula unapofungwa, karatasi za matokeo huletwa nyumbani, na wazazi wengi wa hapa Kapsoit na vijiji vya karibu husoma jambo lile lile. Mtoto amejaribu Kiswahili, amejaribu sayansi, lakini hesabu imemvuta chini. Ukimwuliza ni hesabu gani inamshinda, mara nyingi hatakwambia ni kujumlisha wala kugawanya. Atakwambia ni jometri. Ati ile ya pembetatu na duara, ile ya kuchora kwa bikari. Na mzazi hunyamaza, kwa sababu hata yeye ilimshinda, au hakufika darasa hilo.

Katika ukurasa huu tungependa kueleza jometri ni nini, kwa nini inawashinda watoto, na kwa nini sisi watu wa vikundi, wawe ni wa chai, wa ng'ombe wa maziwa au wa merry-go-round, tuna vifaa vya kuifundisha kuliko tunavyodhani. Tutaeleza pia jinsi mtu asiyeijua anavyoweza kupoteza karibu robo ekari huku akitazama.

Neno jometri lilitoka kwa Wagiriki, na maana yake ni kupima ardhi, basi. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri zaidi ya miaka 2400 iliyopita, alieleza kwamba mto Nile ukimega shamba la mtu, watu wa mfalme walikuja kupima sehemu iliyopotea ili kodi yake ipunguzwe. Yeye aliona kwamba hapo ndipo elimu hii ilianzia. Kwa hivyo hata kwa wazee wa zamani hesabu hii ilikuwa ni jambo la mashamba, mipaka na kodi, na hayo hata hapa kwetu tunayajua uchungu wake.

Kwa nini inawashinda

Mwalimu huchora mraba ubaoni, ameukalisha vizuri kama sanduku, na watoto wote huitikia, "Mraba!" Sasa ugeuze mraba ule ule usimame kwa kona moja. Watoto wengi watakwambia si mraba tena, sasa ni almasi, kama ile ya karata. Pande hazikubadilika na kona hazikubadilika. Kilichobadilika ni jinsi umbo linavyokaa machoni.

Mtu asiseme watoto hawa ni wajinga. Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walimaliza utafiti wao katika Chuo Kikuu cha Utrecht juu ya jambo hili hili. Walikuwa walimu wa darasani, nao walichoka kuona wanafunzi wakikariri bila kuelewa. Wakasema kwamba mtu hupanda jometri kwa ngazi. Ngazi ya kwanza, anatambua umbo vile unavyomtambua ng'ombe wa jirani, kwa sura yake yote, bila kuhesabu mabaka. Ngazi ya pili, anaanza kutaja tabia za umbo: mraba una pande nne zilizo sawa, una kona nne za digrii 90, na ukipima kutoka kona hadi kona ya mkabala unapata urefu ule ule pande zote mbili. Ngazi ya tatu, anaona jinsi tabia moja inavyoleta nyingine, anaanza kusema "kwa sababu hii, basi na ile." Baada ya hapo ndipo anaweza kuthibitisha mambo kwa maandishi kama vitabu vya sekondari vinavyotaka.

Hawa walimu wawili walisisitiza kwamba mtu haruki ngazi, tena umri peke yake haumpandishi. Anapandishwa na kazi ya mikono na mazungumzo anayopewa. Mwalimu akiongea kutoka ngazi ya tatu na mtoto yuko ya kwanza, ni kama mmoja anasema Kipsigis na mwingine Kijapani. Kila mmoja yuko sawa kwa lugha yake, na hakuna kinachoingia.

Sasa fikiria darasa la watoto sitini. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003 madarasa mengi yalijaa, jambo jema kwa watoto, lakini mwalimu akabaki mmoja. Watoto wachache wana seti ya jometri kamili, yaani rula, bikari, protrakta na zile seti-skwea mbili. Wengine wana bikari iliyolegea, na wengine wanangoja kuazima. Wengi wao wanaangalia tu mkono wa mwalimu ubaoni. Kuchora kunafundishwa kwa macho, na mtu hajifunzi kukamua ng'ombe kwa macho.

Mtihani wa KCPE, uliofanywa kutoka 1985 hadi 2023, ulikuwa na maswali 50 ya hesabu, na mtoto alichagua herufi tu. Lakini baadhi ya maswali yalimtaka achore kwanza pembetatu kwa rula na bikari, kisha apime upande au kona, ndipo achague. Asiyezoea bikari alikisia. Mtihani huo umekwisha, lakini jometri haikuondoka nao. Iko katika mtaala mpya tangu madarasa ya chini, na kwa vile gredi ya 7 hadi ya 9 ziko katika viwanja vya shule zetu za msingi tangu 2023, shida yake iko karibu na mlango wetu kuliko zamani.

Fundi na ile tatu, nne, tano

Nenda mahali popote panapojengwa nyumba kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, asubuhi ile ya kuweka msingi. Utaona fundi amepigilia vigingi na kuvuta uzi. Anapima mita 3 upande mmoja kutoka kona, anatia alama. Anapima mita 4 upande wa pili, anatia alama. Kisha anapima kutoka alama hadi alama. Ikiwa ni mita 5 kamili, anasema, "Iko skwea." Ikizidi au ikipungua, anasogeza kigingi mpaka ikubali.

Kwa nini ikubali? Chukua 3 mara 3, unapata 9. Chukua 4 mara 4, unapata 16. Jumlisha, unapata 25. Na 5 mara 5 ni 25. Pembetatu yoyote ambayo pande mbili fupi zikizidishwa hivyo na kujumlishwa hulingana na ule upande mrefu ukizidishwa hivyo, ile kona iliyo mkabala na upande mrefu ni lazima iwe ya digrii 90. Shuleni jambo hili linaitwa kanuni ya Pythagoras, kwa jina la Mgiriki mmoja, ingawa watu wa Babeli walikuwa wakiitumia zaidi ya miaka 1000 kabla yake. Ule upande mrefu ndio watoto huuita haipotenusi.

Hapa kuna jambo la kusikitisha kidogo. Fundi anaijua kanuni lakini hajui kwamba ndiyo ile iliyomshinda darasani. Mtoto anakariri jina la Pythagoras lakini hajui kwamba ndiyo iliyosimamisha ukuta wa nyumba anamolala. Wawili hawa wanaishi boma moja na hawajawahi kuongea juu yake.

Tukiwaweka pamoja nusu siku, watoto watauliza maswali ambayo ubao hauyaleti. Kwa mfano, fundi wengine hutumia 6, 8 na 10 badala ya 3, 4 na 5. Mwulize kwa nini. Atakwambia nyumba ni kubwa. Sababu yenyewe ni kwamba ukikosea kwa upana wa kidole katika pembetatu ndogo, kona inapinda zaidi kuliko ukikosea kidole kile kile katika pembetatu kubwa. Au mpe mtoto chumba cha mita 3.6 kwa mita 4.8, umwambie atafute urefu wa kutoka kona hadi kona kabla ya kupima. Atapata mita 6 kamili. Halafu apime kwa tepu. Siku hiyo hatasahau.

Kuna njia nyingine ambayo tungependa kuitaja, ya wakulima wa Msumbiji. Mwalimu wa hesabu Paulus Gerdes, aliyeishi na kufundisha huko miaka mingi hadi alipofariki 2014, aliandika jinsi wanavyopima msingi wa nyumba bila tepu wala rula. Wanachukua kamba mbili zenye urefu sawa, wanazifunga pamoja katikati kabisa, kisha wanazivuta kama msalaba uliolala. Wakipigilia kigingi kila mwisho wa kamba, vile vigingi vinne vinakuwa kona za mstatili. Jaribuni wenyewe. Mkizivuta zikakaribiana, mstatili unakuwa mwembamba. Mkizipanua zikakatana kwa pembe mraba, unakuwa mraba. Kona zote zinabaki digrii 90, upende usipende. Mtoto aliyeshika mwisho wa kamba ile yuko ngazi ya pili tayari, anagusa tabia za mstatili kwa mikono yake, na swali la "kwa nini?" likija kutoka kwake mwenyewe, anaanza kupanda ya tatu.

Duara

Nyumba za babu zetu zilikuwa za mviringo. Zilipimwa kwa kigingi kimoja katikati na kamba. Aliyeshika kamba akazunguka, na mahali kamba ilipofika ndipo ukuta ulipokaa. Hiyo ndiyo bikari. Ile sindano ya bikari ni kigingi, na ule mwanya wa kufungua ni urefu wa kamba. Mtoto akizungusha kamba ya mita 2 uwanjani mara moja, ataelewa kwa nini mwalimu anamwambia asibadilishe mwanya wa bikari katikati ya kazi.

Jaribio lingine halihitaji hata senti. Kusanyeni vitu vya mviringo: kifuniko cha sufuria, mtungi wa maziwa, ndoo, gurudumu la baiskeli, kibuyu cha mursik mahali kilipo kinene. Kila mtoto azungushe uzi kwenye kitu chake apime, halafu apime upana wake kupitia katikati. Agawanye ule wa kwanza kwa wa pili. Wa sufuria atapata tatu na kitu kidogo. Wa gurudumu tatu na kitu kidogo. Wa kibuyu hivyo hivyo, kama kibuyu hakikupinda. Ndipo mwalimu aseme kwamba ile tatu na kitu ndiyo pai, ambayo vitabuni huandikwa 22 juu ya 7. Namba ambayo mtoto ameiokota mwenyewe kwenye sufuria ya mama yake hukaa kichwani.

Na vikundi vinavyojenga matangi ya maji, sikizeni hapa. Tangi la mviringo lenye upana wa mita 1.4 na kimo cha mita 1.5 hushika kama lita 2310. Mkiongeza upana mara mbili uwe mita 2.8, na kimo kibaki kile kile, tangi halishiki mara mbili, linashika mara nne, yaani kama lita 9240. Na ukuta wa kuzunguka umeongezeka mara mbili tu. Sakafu na kifuniko ndivyo vimekuwa mara nne, na ukuta lazima uwe imara zaidi, kwa hivyo msikimbilie kabla ya kuongea na fundi. Lakini kikundi kisichojua hesabu hii kinaweza kujenga matangi mawili madogo kwa pesa za moja kubwa.

Kuzunguka si kupima

Sasa tufike kwenye ardhi, ambapo jometri inauma.

Watu wengi hupima shamba kwa kulizunguka. Mzee anatembea mpaka wote akihesabu hatua, anasema hili ni hatua mia mbili na themanini, na lile pia ni mia mbili na themanini, kwa hivyo ni sawa. Inasikika kama haki. Lakini si haki.

Tuseme ni mita. Shamba la kwanza lina mita 70 kila upande. Ukilizunguka ni mita 280. Shamba la pili lina mita 40 kwa mita 100. Ukilizunguka, 40 na 100 na 40 na 100, ni mita 280 vile vile. Sasa pata eneo, yaani nafasi iliyo ndani. La kwanza ni 70 mara 70, mita za mraba 4900. La pili ni 40 mara 100, mita za mraba 4000. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4047. Tofauti ya mashamba haya mawili ni mita za mraba 900, ambayo inakaribia robo ekari. Ukipanda chai kwa nafasi ya futi 5 kwa futi 2 na nusu, kama wengi wanavyofanya, katika tofauti hiyo kunaingia mashina 775. Fikiria ndugu wawili waliogawiwa mashamba haya, mmoja anavuna mashina 775 zaidi ya mwenzake kila awamu, maisha yake yote, na mzee aliyegawa alikuwa na moyo safi kabisa.

Kuna hali mbaya zaidi. Kipande cha mita 10 kwa mita 130, kile chembamba kinachoshuka kutoka barabarani hadi mtoni, nacho ukikizunguka ni mita 280. Eneo lake ni mita za mraba 1300 tu. Mama mjane akiambiwa, "Tumekupa sawa na wengine, tembea uhesabu," anaweza kutembea, akahesabu, akaridhika.

Mtoto wa gredi ya 6 anaweza kumwokoa, kama alifundishwa tofauti ya mzingo na eneo kwa kutembea, si kwa kukariri. Na hapa tunaona makosa mengi ya watoto katika mtihani yanafanana kabisa na makosa ya wazee shambani. Mtoto akiulizwa eneo, anajumlisha pande. Mzee naye anajumlisha pande. Ni kosa moja, ila la mzee linaandikwa kwenye ardhi.

Wanaonunua ploti nao waangalie. Ile inayoitwa "eitthi", ya futi 50 kwa 100, ni futi za mraba 5000. Thamani halisi ya sehemu moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5445. Zile 445 zinazokosekana zinatosha nyumba ndogo ya futi 20 kwa 22. Hatusemi muuzaji amekuibia, kwani ukubwa wa 50 kwa 100 ndio desturi ya soko na kila mtu anaujua. Tunasema tu ujue unalolipia.

Shamba ambalo limepinda pinda, kama mengi ya kwetu, halipimwi kwa urefu mara upana. Likate kwa pembetatu. Tuseme lina kona nne zisizolingana. Vuta kamba kutoka kona moja hadi ya mkabala, tuseme ni mita 100. Kisha kutoka kila moja ya zile kona mbili zilizobaki, pima hadi kwenye ile kamba kwa njia iliyonyooka, ikutane nayo kwa pembe mraba. Hapo ndipo ile tatu, nne, tano inarudi kusaidia. Ukipata mita 36 upande mmoja na mita 44 upande wa pili, eneo ni nusu ya 100 mara 36, ambayo ni 1800, ukijumlisha nusu ya 100 mara 44, ambayo ni 2200. Jumla mita za mraba 4000, karibu ekari. Hii ndiyo "nusu ya kitako mara kimo" ambayo mtoto anaandika kila siku bila kujua inafanya kazi gani.

Onyo moja kwa sababu sisi ni watu wa vilima. Ukilaza kamba juu ya mteremko unapata urefu mkubwa kuliko ule unaoandikwa katika ramani, kwa maana ramani hupima kama ardhi imelala tambarare. Mteremko wa digrii 20 ukilaza kamba ya mita 100, kwa ramani ni mita 94 tu. Kwa hivyo shikilieni kamba ilale sawa kama maji, kwa vipande vifupi, na mwenye kusimama chini ainue mkono, atumie jiwe lililofungwa kwenye uzi kuonyesha mahali pa kutia kigingi. Kamba ya katani ikilowa hubadilika urefu, na hapa Kericho mvua haitoi taarifa. Bora waya mwembamba au tepu.

Tena ieleweke: kupima kwenu hakuchukui nafasi ya sorovea aliyesajiliwa, wala idhini ya bodi ya ardhi, wala hati. Kunawapa tu nguvu ya kuuliza swali mapema, kabla kidole gumba hakijawekwa kwenye karatasi.

Kazi ya kikundi

Walimu wengine wanayajua haya. Mwaka 1998 Wizara ya Elimu, ikisaidiwa na Japani kupitia shirika lake la JICA, ilianza mradi wa SMASSE wa kuimarisha hesabu na sayansi katika shule za sekondari, kwanza katika wilaya tisa, na kutoka 2003 nchi nzima. Walimu waliambiwa waanze na shughuli ya mikono, wamweke mwanafunzi katikati, wafanye majaribio, na watengeneze vifaa kwa vitu vinavyopatikana. Ni mashauri mema. Lakini mwalimu mwenye vipindi vingi na silabasi ya kumaliza hurudi kwenye chaki, na hatuwezi kumlaumu sana. Ndiyo sababu tunaona kikundi kinaweza kushika upande mmoja wa kazi.

Kikundi kiende kwa mwalimu mkuu, si kwa kulalamika, bali na kamba mkononi. Kamba hiyo ifungwe mafundo 13, na kati ya fundo na fundo iwe mita moja kamili, ili kuwe na nafasi 12. Ukiiunganisha ncha mbili na kuivuta kwa watoto watatu, mmoja kwenye fundo la kuanzia, mwingine nafasi 3 mbele, mwingine nafasi 4 zaidi, zile 5 zilizobaki zinafunga pembetatu, na kona ya digrii 90 inatokea mikononi mwa yule wa katikati. Kama kuna fundi katika kikundi, au mume wa mmoja wenu, aje awaonyeshe. Mwalimu abaki pale, kwa sababu ni yeye atakayewavusha kutoka kamba hadi bikari na karatasi. Bila hilo daraja watoto watafurahia mchezo, na mtihani utawashinda vile vile.

Waacheni watoto waeleze kwanza kwa lugha inayowajia, Kipsigis au Kiswahili. Kitabu kiko kwa Kiingereza na lazima wakijue, lakini mtoto anayeshindana na neno na wazo kwa wakati mmoja huangusha vyote viwili. Akishashika wazo, neno la Kiingereza huchukua dakika.

Wasichana wapewe tepu, si daftari la kuandikia wavulana vipimo. Tumeona hilo mara nyingi, ati mvulana apime, msichana aandike kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Na huyo msichana ndiye kesho atakuwa mjane anayeambiwa atembee ahesabu.

Kwa wale walio na miteremko, tengenezeni pia ile fremu ya herufi A: miti miwili yenye urefu sawa imefungwa juu, mti mmoja wa kukata katikati, na jiwe linaloning'inia kwa uzi kutoka juu. Isimamisheni mahali, tieni alama uzi ulipopita kwenye mti wa katikati. Igeuzeni, mguu wa kushoto ukanyage mahali pa wa kulia, tieni alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo uzi hupita wakati miguu yote iko kimo kimoja. Mkitembeza fremu hivyo mnapata mstari wa kuchimba mtaro wa kuzuia udongo. Waulizeni watoto kwa nini ni lazima miguu iwe sawa, na kwa nini alama ni mbili. Msiwajibie haraka.

Seti za jometri kikundi kinaweza kununua chache zikae shuleni kwa mwalimu, ziazimwe kama jembe la kikundi. Pale zinapokosekana, karatasi ya mviringo ikikunjwa mara mbili hutoa digrii 90, ikikunjwa tena hutoa 45.

Likizo ya Aprili, ya Agosti au ya Desemba inafaa, na Desemba ndiyo bora kwa kuwa mvua hupungua kidogo. Anzeni na kiwanja kinachojulikana, kama uwanja wa kanisa au wa shule, kisha shamba la mwanachama aliyekubali. Vikundi vitakavyopima, tafadhali tuleteeni mchoro na vipimo, hata kama mchoro umepinda, bila jina la mwenye shamba. Tungependa kuchapisha michoro mitatu au minne, pamoja na eneo ambalo watoto walipata na lile lililoandikwa kwenye hati.